Mpishi wa Kasri la Mawe

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mama mzee alinijia kazini, na hofu aliyoniachia siku ile haijaniisha hadi leo.

Nilikuwa kijana wa mtaa wa Kawangware, na kazi yangu ilikuwa kuwatembeza wageni katika kasri la mawe alilojijengea mzungu mmoja enzi za ukoloni. Wageni walipenda habari za kutisha, nami nilikuwa nayo moja: kwamba mwenye kasri alitiliwa sumu na mpishi wake, Mnubi wa Kibera aitwaye Ramadhani. Niliisikia kwa mlinzi wa langoni, na kila nikiisimulia niliongeza chumvi.

Mama huyo, Mama Zainabu, alikuwa ametembea kutoka Makina, kule Kibera. Alinieleza taratibu kwamba mjukuu wake aliletwa pale pamoja na wanafunzi wenzake, wakaisikia habari yangu, na sasa darasa zima, lililojua ukoo wake, lilimwita mzao wa muuaji. Msichana alikuwa amekataa kwenda shule.

"Huyo Ramadhani ni baba yangu," akasema. "Nilikuwa mdogo, sijui kilichotokea. Wewe unajua?"

Nikakiri kwamba niliisikia tu kwa mlinzi. Akaniomba nitafute, na nikikuta kweli aliua, nimwambie yeye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote.

Wiki hiyo hiyo nilianza kutafuta. Nilikwenda mjini, kwenye ofisi inayohifadhi nyaraka za zamani, nikaomba mafaili ya lile kasri. Siku ya tatu nikakuta karatasi ya polisi: Ramadhani, mpishi, amekamatwa akishukiwa kumpa mwajiri wake sumu. Nitamwambiaje yule mama? Nikaona afadhali niondoke, na Makina nisikanyage kamwe.

Karani, mama wa makamo, aliniona nikiinuka.

"Sanduku lina mafaili mawili," akaniambia. "Umesoma moja. Utaenda kusema nini huko?"

Nikaketi tena kwa aibu. Katika faili la pili mlikuwa na barua ya daktari: mzungu aliugua moyo mwaka mzima, na mwilini mwake hamkupatikana sumu. Chini yake, amri ya kumwachilia Ramadhani. Nilinakili kila neno kwa penseli, nikapita Soko la Toi mbiombio kuelekea Makina, nikiogopa hataniamini.

Mama Zainabu aliniambia nisome mara mbili. Mara ya pili alimwita mjukuu wake aje asikie.

"Baba alitoka jela, lakini hakuna aliyemwajiri tena," akasema. "Alikufa bila kuiona hii barua."

Jumatatu nilisimama mbele ya lile darasa nikakiri kwamba nilisema uongo. Msichana akarudi shule. Lakini wale wageni wote, mwanangu, walikwishatawanyika na maneno yangu, na sikujua nikawatafute wapi. Mpaka leo nikiona watu wamekusanyika wakisimulia habari za zamani, huwa nasogea nisikilize, nikihofia nitalisikia jina la Ramadhani.

Kwa hiyo, habari ya mtu usiyemjua usiiseme kabla hujaitafuta ilikoanzia. Na ukianza kuitafuta, usiishie kwenye karatasi ya kwanza, hata kama imekutisha. Waliokufa hawawezi kujitetea, lakini wajukuu wao mnaketi nao dawati moja.

Mungu akulindie ulimi, akupe subira ya kusoma hadi mwisho, na jina lako mwenyewe lisimuliwe na watu wakweli.