Nilipima njia ya Kabondo hadi kazini kwa saa ya mkononi, nikasahau kupima salamu

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Naandika haya nikiwa cyber, nanakili kutoka kwenye karatasi. Hii ni rasimu ya nne. Zile tatu nilizichana kwa sababu kila moja ilinifanya jasiri kuliko nilivyokuwa. Hii haina uongo, ndiyo maana ndani yake naonekana mjinga.

Nimesoma nyuzi nyingi humu za watu wanaohamia mji mpya. Wanauliza mtaa gani una kodi nafuu na mtu anaweza kutembea kwa miguu hadi kazini. Wanajibiwa, "Kaa sehemu fulani, ni karibu tu."

Nina neno kuhusu hiyo "karibu tu."

Mimi ni mtu wa Kindu, huku Kongo. Nilihamia Kisangani miaka ile ya uasi, nikiwa na miaka ishirini na tatu. Nilipata kazi ya dactylo, yaani kuchapa barua kwa mashine, kwenye ofisi ndogo pale katikati ya mji, Makiso. Kuchapa nilijifundisha mwenyewe, kwenye ubao niliochora herufi kwa mkaa. Kiswahili hiki cha kuandika nilijifundisha kwa redio.

Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa mmoja. Hakuna mwalimu wa kumwambia "inatosha." Basi anaendelea tu.

Mwenye ofisi alikuwa maman Georgine, mama mnene, mpole wa sauti na mkali wa saa. Siku ya kwanza alinionyesha saa ya ukutani.

"Tunafungua saa moja na nusu. Uko essai, ya kujaribiwa, miezi miwili. Ukichelewa mara tano, ni fini. Sitapiga makelele. Nitakuambia tu kwaheri."

Nyumbani Kindu nilikuwa nimeshaaga. Kanisa zima lilikuwa limeniombea safari. Kurudi baada ya wiki sita kwa sababu ya kuchelewa, hapana. Bora nilale chini ya mashine.

Kuishi Makiso kwenyewe sikuweza, kodi ya pale ilikuwa ya wakubwa. Magari yalikuwa machache maana mafuta yalikuwa shida. Watu walipanda toleka, zile baiskeli za kubeba abiria nyuma, lakini kila siku toleka, mshahara wangu usingefika mwisho wa mwezi. Ilibidi nitembee.

Nikapata komisionere, yaani dalali wa nyumba, kijana mmoja mwenye maneno matamu anaitwa Trésor. Kwa Trésor kila nyumba ilikuwa "dix minutes, patron."

Nyumba ya Mangobo, dakika kumi. Nikaipima kwa saa yangu: hamsini na moja.

Nyumba ya Lubunga, ng'ambo ya mto, dakika kumi. Nyumba nzuri, kodi kidogo, upepo safi. Lakini pirogi, ule mtumbwi wa kuvusha watu, inaondoka ikijaa, na inajaa ikipenda yenyewe.

"Trésor, dakika kumi ziko wapi?"

"Patron, mimi nahesabu ile ya kutembea. Ile ya kungojea si yangu."

Nikanunua daftari. Nikachora safu: umbali, matope, mbwa, kivuli, askari. Wenzangu wa ofisini wakicheka, mimi nilikuwa sioni cha kuchekesha.

Kabondo ndiyo ilishinda. Chumba kimoja kwenye parcelle, yaani kiwanja, ya papa Saidi, fundi cherehani, mtu wa familia kongwe za Waislamu wa mji huu, mwenye uzio wa mianzi na jogoo asiye na adabu. Kodi niliweza. Njia nyoofu. Nilitembea Jumapili tatu mfululizo, saa moja asubuhi, na mara zote tatu nilipata dakika ishirini na sita.

Kwa nini Jumapili? Kwa sababu nyakati zile mgeni akionekana barabarani anaandika kwenye daftari, anaulizwa anamwandikia nani. Jumapili asubuhi wengine wako misa, wengine wamelala. Njia yote ilikuwa yangu.

Wakuu, hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Mimi niliona nimepata kipimo safi.

Jumatatu ya kwanza baada ya kuhamia nikatoka saa moja kamili. Dakika ishirini na sita, na nne za akiba.

Mlangoni tu alikuwa maman Feza, anakaanga mikate ya kuuza.

"Jambo, tonton mupya. Umelala muzuri?"

"Muzuri, maman." Nikapita.

Mbele kidogo, Dieumerci, anayetengeneza baiskeli na kuendesha toleka: "Mukubwa, namna gani?" Nikainua mkono, nikapita. Mbele zaidi, papa Albert, dereva mstaafu wa malori ya njia ya Bafwasende, amekaa kwenye kiti chake cha fito: "Kijana, jambo." Nikasema jambo huku miguu inaendelea.

Dakika ishirini na sita. Nilifika nimefurahi kama niliyeshinda mtihani wa serikali.

Jioni papa Saidi akaniita. Hakuacha kushona.

"Batu wanasema locataire yangu iko na kiburi."

"Papa, nilikuwa nakimbilia kazi."

"Bon. Iko kiburi, ao iko kitu unaficha. Kama ni kiburi, ni shauri yako. Lakini mu wakati hii, mutu mwenye kuficha kitu analeta basoda mu parcelle. Donc, uwasalimie batu. Salamu yenye kichwa na mukia."

Basoda ni askari, hao niliwaelewa. Kichwa na mkia maana yake: umelala je, mwili je, kazi je, mama Kindu je, mvua kule je. Kisha na wewe unaanza upya kuwauliza wao. Na wao wanajibu kweli. Hilo sikulijua. Ukimuuliza papa Albert habari za mguu, anakupa habari za mguu, na mguu ule ulivunjikia kwenye daraja fulani, na daraja lile lina historia.

Nikafungua ukurasa mpya wa daftari. Maman Feza, dakika tatu. Dieumerci, nne. Papa Albert, tisa. Na wengine wadogo wadogo wa dakika moja moja, kama mchanga kwenye wali.

Wiki hiyo nikachelewa mara mbili. Maman Georgine alitazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi, kisha akaitazama saa tena.

Nikajaribu kutoka mapema. Wenzangu, wale watu walikuwa wameshaamka. Tena mapema hawana haraka kabisa.

Nikajaribu toleka. Nikapanda nyuma ya Dieumerci mwenyewe, nikamwambia twende moja kwa moja. Akasimama kwa papa Albert.

"Dieumerci, nimechelewa."

"Mukubwa, yeye ndiye alinipa pompe. Nipite bila jambo, kesho nijaze mupira na mudomo?"

Mara ya tatu. Wiki iliyofuata, mara ya nne.

Niseme ukweli, nilianza kuwachukia. Jioni nikitoka kazini nilikuwa nazungukia njia ya nyuma, yenye matope na mbwa wawili, ili nisionane na mtu. Nilijiambia napumzisha mdomo kwa ajili ya asubuhi. Kwenye daftari niliandika: "Jioni, salamu sifuri." Nikapiga mstari chini kwa rula.

Usingizi nao ulikuwa shida kwa sababu ya yule jogoo. Nikaanza kulala na pamba masikioni. Shikeni hiyo pamba, ina kazi yake.

Asubuhi moja nikatoka saa moja kamili. Imebaki mara moja tu nifukuzwe.

Maman Feza hayupo. Jiko lake halina moto.

Dieumerci hayupo. Papa Albert hayupo, hata kile kiti hakipo.

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: papa Saidi amewaeleza shida yangu, wamenihurumia. Macho yalinilowa kidogo. Nikasema moyoni, kumbe watu wa Kabondo wana ustaarabu mkubwa hivi.

Nikatembea. Hakuna baiskeli, hakuna mtoto wa shule, hakuna mbwa. Dakika ishirini na sita. Nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kisangani, na labda kwa sababu nilikuwa mtu pekee aliyekuwa nje.

Ofisi imefungwa. Maduka yote yamefungwa. Hata hapo, wakuu, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba hakuna shahidi kuwa nimewahi.

Nikachana karatasi kwenye daftari, nikaandika: "Nimefika saa moja na dakika ishirini na sita." Nikaona herufi ya kwanza imepinda. Nikaandika upya. Nikaisukuma chini ya mlango.

Nilipoinama, pamba ya sikio moja, niliyosahau kuitoa, ikadondoka. Ndipo nikasikia risasi.

Si moja. Upande wa mto, nyingi, na kitu kizito katikati yake. Mji mzima ulikuwa unazisikia tangu alfajiri, isipokuwa mimi.

Nilikimbia. Sitapamba hapa. Nilikimbia huku nalia, daftari nimeliweka kichwani kama vile ni bati.

Kabondo nilipoingia, lango moja likafunguka upana wa mkono mmoja tu.

"We, dactylo. Ingia, mupumbavu wa Mungu."

Papa Albert. Akanivuta hadi chini ya kitanda, alikokuwa na mkewe na wajukuu. Tukalala tumebanana kama samaki kwenye kikapu. Kitu kikalipuka mbali, vumbi likamwagika. Kisha nikasikia sauti yake kando ya sikio langu:

"Umelala muzuri?"

"Papa Albert, sasa hivi?"

"Sasa uko na haraka ya kwenda wapi?"

Nikajibu. Yote, kichwa hadi mkia. Nikauliza mguu. Nikasikiliza daraja lote, mara ya kwanza hadi mwisho, na ni habari nzuri kweli, kuna mbuzi ndani.

Kisha akasema, "Kijana, jioni unapitia wapi? Hatukuonake. Mutu akipita magaribi, akikaa kidogo, tunamaliza habari yote. Asubui anainua mukono tu, anaenda. Weye jioni unajificha. Donc asubui tunakushika na ya siku mbili."

Safu ile, ya jioni kulipia asubuhi, sikuwa nayo kwenye daftari.

Kila risasi zikitulia, walinipitisha nyumba hadi nyumba. Papa Albert akanikabidhi kwa Dieumerci kupitia tundu la uzio, Dieumerci akangoja, akanikabidhi kwa maman Feza. Kila nyumba ilijua jina langu na jina la mama yangu. Nilifika chumbani kwangu saa kumi kasoro dakika tano za jioni. Kwenda, dakika ishirini na sita. Kurudi, siku nzima.

Siku kadhaa baadaye mji ukafunguka. Maman Georgine alikuwa na karatasi yangu mkononi.

"Uliandika hii siku ile ya masasi?"

"Ndiyo, maman, siku ya risasi. Nilikuwa nimewahi."

Akaisoma tena. "Na uliandika vizuri hivi." Akaiweka kwenye droo. "Bon. Mujinga, lakini mujinga wa saa. Essai imekwisha. Kaa, kuna barua kumi na mbili."

Tangu siku ile napita barabara kubwa jioni, naketi kwa papa Albert, nakula mkate wa mwisho wa maman Feza. Asubuhi nainua mkono. Dakika ishirini na tisa. Bado naishi Kabondo, na jogoo ni mwingine ila tabia ni ileile.

Nilichojifunza: usipime njia kabla watu wake hawajakujua. Dakika zile ni za mgeni, hutazipata tena, na siku ukizipata, geuka urudi nyumbani.

Sasa nanyi mseme. Mnaowaambia wenzenu "ni karibu tu," andikeni kwa dakika, na mtaje kama ni dakika za mgeni au za mwenyeji. Daftari ninalo hapa, nimeshachora safu.