Seli za Kiume za Mama Zainabu

Naungama: mimi, mtafiti wa kinga ya mwili ninayechunguza seli za damu moja moja, nilimfokea Nesi Ayikoru bure. Katika damu aliyomtoa Mama Zainabu kule Koboko niliona seli chache za kiume. "Umechanganya chupa!" nikamwambia mbele ya maabara nzima hapa Arua.

Tukarudi Koboko. Nikamwomba mama radhi kwa kosa la nesi, nikamtoa damu mimi mwenyewe. Seli zikaonekana tena.

Safari ya tatu nikamwuliza kuhusu uzazi.

"Nilizaa kijana moja tu. Alikufa mudogo."

Nikakumbuka somo ninalolifundisha kila mwaka: mimba humwachia mama seli za mtoto, hata kwa miaka mingi. Nikamweleza kwa sauti ndogo.

Akaupapasa mkono wake palipochomwa sindano. "Basi kijana yangu iko hapa. Na wewe ulisema nesi ilikosea."