Pembe kwenye meza ya boma

Juzi nikingoja zamu yangu bomani Arusha, nilimwona Mwarusha mmoja akiweka pembe ya tandala mezani pa afisa Mdachi. Alikuja kuomba ruhusa ya kuipiga kwenye jando la mwanawe.

"Pembe inaita vita," afisa alisema kupitia kwa mkalimani. "Ni marufuku."

"Inaita watu, bwana mkubwa. Safari hii inawaita waje kula na kucheza."

"Inatisha."

Yule baba akamwonyesha kwa kidevu askari mpiga tarumbeta aliyekuwa uani. "Ile yenu inanikurupusha mimi na ng'ombe wangu kila alfajiri. Sijaja kuishtaki."

Mkalimani akatafsiri yote. Afisa akasema atafikiri. Baba akachukua pembe yake, akaketi kando ya ukuta. "Nangoja."

Jioni tarumbeta ilipolia bendera ishushwe, sote tulisimama wima kama ilivyo amri. Naye alisimama, pembe kwapani, akaisikiliza mpaka mwisho.

Leo alfajiri tarumbeta ililia kama kawaida. Iliponyamaza, pembe ikaitikia kutoka mlimani, taratibu, mpaka mwisho. Kama ruhusa ilitolewa, sijui. Na bomani sijasikia anayeuliza.