Maji ya Watasema

Jina la Watasema mbwa yule alipewa na marehemu Bwana Masoud, na kweli walisema. Walisema Buguruni, kwenye maduka ambako ukoo wake umeuza kanga na mashuka tangu enzi za babu. Walisema harusini, sinia la pilau likiwa katikati yao. Mwarabu mzima, mtoto wa watu wa dini, kahamia Madale na kafuga mbwa! Masoud hakubishana nao. Mbwa wa ulinzi hakukatazwa, alisema, mradi abaki nje. Na Madale ya miaka ile, nyumba moja hapa na nyingine kule, vichaka katikati, ilikuwa na wageni wasiojua kubisha hodi. Akampa mbwa jina, akaenda zake dukani.

Aliyebaki na mbwa kutwa nzima alikuwa mkewe, Bi Khulud. Mama huyu alizaliwa nyuma ya duka na kukulia katikati ya kelele za wachukuzi na wapima nafaka. Hakuwahi kulala bila kusikia mtu akikohoa upande wa pili wa ukuta. Kule kilimani ukimya ulimtisha kuliko wezi. Basi akaanza kuzungumza na mbwa, yeye jikoni, mbwa nje ya dirisha la nondo. Alimweleza bei ya tambi, alimsengenyea mawifi, alimwambia siku alizolia kwa kuikumbuka Buguruni. Yapo mambo ambayo Watasema aliyajua na Masoud akafa bila kuyajua.

Lakini hakumgusa hata siku moja. Chakula alikisukuma kwa mpini wa ufagio, maji aliyamimina kwa mbali kwenye bakuli la bati. Kwa madhehebu yao, kitu kilichopatwa na mate au mkojo wa mbwa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mbwa naye alikuwa na adabu kuliko baadhi ya wageni wa Idi. Kizingiti cha mlango wa mbele alikijua, na hakukivuka.

Kila alasiri Bi Khulud aliwasomesha watoto wa mtaa barazani, alifu kwa kijiti, na waliosoma vizuri aliwamalizia kwa kisa. Walichokipenda kuliko vyote ni cha yule mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha, na Mungu akamsamehe madhambi yake kwa ajili hiyo. Watoto walikuwa wakigeuka kumtazama Watasema pale chini ya ngazi, naye akipiga mkia kama aliyeombwa ushahidi.

Masoud alipofariki, mbwa alikuwa keshaanza kuota mvi kwenye pua. Miaka ikapita, macho yakafunga ukungu, miguu ya nyuma ikawa ya kuburuta. Hujafa hujaumbika. Ndipo mvua za vuli za mwaka jana zilipoanza, asubuhi moja Watasema akavuka kizingiti, akapita mpaka katikati ya sebule, akasimama juu ya zulia na kukojoa. Mkojo ulikuwa mwingi, mweupe kama maji ya mvua, na muda wote alikuwa akimtazama bibi yake usoni.

"We Watasema! Umerogwa?"

Alimtoa kwa ufagio. Kisha akaliburuta zulia mpaka uani, akachota udongo, akaosha zulia na sakafu mara saba kama ilivyotakiwa, magoti yakimlilia. Hata mwezi haujaisha kazi hiyo ilikuwa ya kila siku. Alipofunga mlango wa mbele, mbwa alizunguka wa jikoni. Alipofunga yote miwili, alilia na kukwaruza mbao mpaka majirani wakachungulia. Bi Khulud aliamini ni kiburi. Aliamini mbwa anamkomoa kwa kuwa Masoud hayupo, na akampiga. Watoto wa madrasa, wazazi wao waliposikia habari za mikojo, wakaanza kupungua barazani mmoja mmoja, mpaka alasiri zikawa tupu.

Siku chache kabla ya Ramadhani alikuja mwanawe Jawad kutoka Sinza, na mkewe Rumaisa na watoto wao wawili. Yule mdogo alikimbia kumkumbatia bibi yake, akateleza, akakaa juu ya dimbwi. Rumaisa alimbeba mtoto mpaka uani, akamvua nguo na kumwogesha kwa udongo na maji, mtoto analia, mama naye karibu alie.

Jawad alimvuta mama yake kando.

"Mama, mie sikatai, mbwa alikuwa wa baba. Ila kazeeka. Kuna jamaa anachoma sindano, mara moja tu, kaisha. Nikulipie?"

"Hajanikosea kiasi hicho, baba."

"Basi Idi hii hatuji. Siwezi kuwaleta watoto kwenye nyumba isiyosaliwa. Ama mbwa, ama sie."

Wajukuu wale ndio waliokuwa wamebaki katika furaha za Bi Khulud, na Jawad alilijua hilo. Usiku wa kuamkia mfungo mama alifikiri sana, akaona amepata njia ya kuwabakisha wote. Kinachotoka ni kile kilichoingia. Mbwa asiponywa, hatakojoa. Akaliondoa lile bakuli la bati, akawa anamwekea maji kidogo alfajiri, ya kulowesha ulimi tu, basi mpaka kesho.

Akaona kama inasaidia. Sebule ilikauka siku mbili tatu. Alimpigia Jawad simu kwa furaha, akamwambia Idi mje, mambo yamekaa sawa. Watasema alilala kutwa ukutani, pua imekauka, tumbo limeingia ndani, na alipoitwa hakuinuka. Uzee, Bi Khulud alijiambia. Na Ramadhani ile ilikuwa ya jua kali. Hata wanadamu walilala mchana.

Siku moja ya mfungo Bi Khulud alikuwa na kiu ambayo hakuikumbuka tangu ujana. Midomo ilishikana, kichwa kiligonga. Magharibi ilipokaribia alikwenda kwenye bomba la uani kutia udhu, na maji yalipomgusa mikono akatamani angalau tone. Alijizuia, akamaliza miguu, akaingia ndani. Hatua chache tu akakumbuka kandambili zake, akarudi.

Watasema alikuwa pale. Alikuwa amejiburuta kutoka ukutani na kulaza taya kwenye mfereji wa saruji, analamba maji yaliyotoka miguuni mwa bibi yake. Maji yalikwisha, akaendelea kulamba saruji. Yakabaki matope pembeni, akalamba matope.

Bi Khulud alisimama na kandambili moja mkononi. Kisa alichokisomesha miaka yote kilikuwa mbele yake, na mwenye maji alikuwa yeye. Aliona aibu, aibu ya kutaka ardhi ipasuke immeze. Adhana ilianza. Tende ilikuwa mezani, glasi imejaa, lakini alikwenda kwanza kulitafuta bakuli.

"Mie nimenuia," alimwambia mbwa huku akifungua bomba mpaka mwisho. "Wewe nani kakunuilia?"

Watasema alikunywa mpaka akatapika, akanywa tena. Bi Khulud alifuturu kwa maji ya bomba lile lile, amesimama, machozi yakimtoka.

Asubuhi yake alimwita Gozbert, daktari wa mifugo mwenye duka la dawa za kuku huko Tegeta. Gozbert alimpima kwa utaratibu, akamfinya ngozi ya shingo na kuona inavyochelewa kurudi.

"Shikamoo mama, samahani, nimeanza na mgonjwa," alisema, kisha akaeleza. "Figo zimechoka. Si kwamba anakojoa kwa kuwa anakunywa. Anakunywa kwa kuwa mkojo haukai. Akikosa maji huyu, anakauka. Alikuwa anakosa maji?"

"Alikosa," Bi Khulud alisema. "Nilimnyima mimi."

Gozbert aliinamisha macho kwenye mkoba wake. "Hatapona, mama. Hana siku nyingi. Ukitaka, naweza kumpumzisha hapa hapa, asiumie."

"Nimeshamnyima maji. Siku zake nazo nimnyime?"

Jioni hiyo alimpigia mwanawe, akamwambia ukweli wote, pamoja na ule wa bakuli. Akamwambia Idi wasije.

"Mama, yaani unamchagua mbwa?"

"Nachagua nisikutane na Mola wangu nikiwa na hili, Jawad. Nyie ni wanangu. Mtanisamehe nikiwa hai. Huyu sijui kama atanisamehe."

Jawad alikata simu bila kuaga. Bi Khulud alilikunja zulia, akauhamishia mswala wake chumbani, akaiacha sebule iwe ya mgonjwa. Alimtandikia magunia karibu na dirisha linalopitisha upepo, bakuli la maji halikukauka, na kila alipochafua aliosha, polepole, bila ufagio wa kumtishia. Alirudia pia mazungumzo yao ya zamani. Alimweleza kwamba Jawad hajapiga simu. Siku ya pili akamweleza tena.

Asubuhi ya Idi takbira zilisikika kutoka kila upande wa vilima. Bi Khulud alikuwa amevaa dera jipya na kujifukiza udi kwa ajili ya mtu asiyejulikana nani. Watasema hakuweza tena kuinua kichwa. Aliliangalia bakuli, akaliangalia tena, akashindwa kulifikia.

Ndipo Bi Khulud akaketi sakafuni. Aliweka mkono chini ya taya la mbwa, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, akashangaa jinsi lilivyo jepesi, akakilaza kichwa mapajani mwake. Akamchotea maji kwa kiganja. Ulimi ulikuwa wa moto na mkavu, ulimgusa vidole, ukalamba mara mbili, ukaacha. Mkojo ulisambaa kwenye dera. Bi Khulud hakuinuka wala hakumtoa mapajani. Alimpapasa masikio na kumwomba radhi kwa sauti, kama anavyoombwa mtu, mpaka kifua kilipoacha kupanda.

Hakusikia gari likisimama. Alipoinua uso, Jawad alikuwa mlangoni peke yake, kanzu yake ya Idi nyeupe pe, ametokea moja kwa moja msikitini. Alimtazama mama yake sakafuni, mapaja yamelowa, kichwa cha mbwa kimelala juu yake. Kisha akavua kofia, akakunja mikono ya kanzu mpaka juu ya viwiko.

"Mama," alisema, "jembe liko wapi?"

"Nyuma ya tangi," alijibu Bi Khulud, na hapo ndipo alipolia kwa sauti.