Korona Imepitwa na Msimu

Juzi nilikuwa kwenye saiba moja, duka la kompyuta, hapa Nakuru nikingoja kuchapishiwa karatasi zangu. Mbele yangu, mwanafunzi wa uzamili alikuwa ameinama kando ya mwenye saiba, akimwonyesha pendekezo lake la utafiti.

"Boss, kila mahali umeandika chanjo ya korona, weka ya malaria."

"Madam, si hii ya korona ndiyo umeniletea mwaka mzima?"

"Msimamizi wangu ameikataa. Anasema wakati ule kila msomi aliandika juu ya hiyo chanjo, sasa majarida hayaitaki."

Kumbe hata maradhi yana msimu, kama viazi.

Mwenye saiba akabofya, korona yote ikageuka malaria. Akarudi ukurasa wa mwanzo, ule wa kumtunukia mzazi, akasita.

"Madam, hapa sasa inasema mama yako alikufa na malaria, akingoja chanjo huko kwenu Olenguruone."

Mwanamke akagusa kioo kwa kidole, kama anayepangusa vumbi.

"Hapo rudisha korona."

Ikarudi. Ndiyo korona pekee iliyobaki katika kazi ile, na iko kwenye ukurasa ambao sijawahi kuona profesa akiusoma.