Kitasa Kilichomkataa Shemeji Yangu

Semeni huzuni ilinipanda kichwani. Kule Koboko nilikokuwa nikikaa wamesema wengi, na sikatai, huzuni nilikuwa nayo. Lakini ilikuwa mchana, nilikuwa macho, na haya nimeyaona mwenyewe.

Mume wangu Taban alikuwa mwanajeshi mstaafu. Alipofariki nikakaa eda ndani ya nyumba yetu, miezi minne na siku kumi kama dini inavyotaka. Mwanamke wa eda hahangaiki na mambo ya mlangoni. Hayo aliyachukua Rajabu, mdogo wa marehemu. Ufunguo wa Taban alikuwa nao tangu hospitali, hakuurudisha.

Mlango wetu ulikuwa wa mvule, mzito, bawaba ya juu imelegea. Mvua ikinyesha unavimba, basi ulimi wa kitasa unakosa tundu lake kwenye fremu. Taban alikuwa na namna yake. Anaingiza mguu wa kushoto chini ya ubao, anauinua kidogo, anapiga fremu mara mbili kwa kiganja, halafu anazungusha ufunguo. Mimi nguvu hizo sina, nilikuwa navuta na kusukuma mpaka ukubali.

Sasa Rajabu akija, ufunguo hauzunguki. Akiazima wangu, hauzunguki. Akiondoka tu nikijaribu mimi, unateleza wenyewe. Ningefikiri nini? Nilifikiri ni mvua. Yeye alimimina mafuta ya kupikia ndani ya kitasa, vumbi likaganda huko. Nikalitoa kwa sindano, nikatia unga wa penseli, huo ndio unaofaa. Nikakaza na skrubu za bawaba. Rajabu akaja tena, kikamkataa tena.

"Shemeji, hii kitu iko mzee kuliko wewe," akasema kutoka nje, anacheka. "Nitaleta mpya."

Nikasema sawa. Niaminini, neno hilo moja ndilo linaniuma mpaka leo.

Ijumaa, wanaume wako msikitini, nikasikia mtu mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa na ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Nikauliza nani. Sauti ya mwanaume, imekauka kama ya mtu aliyetembea mbali, ikasema ni fundi wa vitasa. Nikamwambia niko eda, aongee na shemeji yangu.

"Kitasa iko mzima, mama," akasema. "Wacha hivyo hivyo. Usibadilishe."

Kisha chini ya mlango nikaona ncha ya mguu, wa kushoto. Ubao ukainuka kidogo. Fremu ikapigwa mara mbili. Kitasa kikazunguka, ufunguo bado nimeushika, na mlango ukaanza kufunguka.

Mnajua nilifanya nini? Nilifunika uso kwa leso. Mwanaume wa nje asinione, ndivyo nilivyofundishwa. Nilipofunua, uani hapakuwa na mtu, na kwenye matope ya mvua ya asubuhi hapakuwa na alama hata moja.

Jumatatu Rajabu akaja na kitasa kipya. Nilikuwa chumba cha nyuma, namsikia anang'oa cha zamani. Ningeweza kumwambia aache. Niliogopa watu watasema mjane anaongea na majini. Akanipa ufunguo mmoja. Vitasa hivyo vinauzwa na funguo tatu, nami sikuuliza.

Eda ilipoisha nikaenda Omugo kwa kaka yangu, siku tatu tu. Niliporudi, Rajabu na mke wake Hadija walikuwa wamekaa sebuleni kwangu, na karatasi za kiwanja chetu hazikuwa tena sandukuni.

"Karibu, dada," Hadija akaniambia. "Utakunywa chai?"

Ndani ya nyumba yangu.

Sasa napanga chumba Inde, nauza mihogo mikavu sokoni. Rajabu na Hadija nawataja kwa majina, wasikie. Na mimi najitaja pamoja nao, kwa sababu marehemu alinionya na nikanyamaza. Hajarudi tena. Kila Ijumaa mchana nakaa karibu na mlango wa watu, nasikiliza, na anayepita ni mpita njia.

Wewe unayesoma, kitasa kikikataa kila mtu, kitengeneze. Kikikataa mtu mmoja tu, weka bisibisi chini, ujiulize huyo mtu anataka nini ndani. Na ukifunguliwa mlango kama nilivyofunguliwa mimi, tazama, hata kama utasemwa. Mimi nilikuwa na nafasi moja ya kumwona mume wangu, na nilichokiona ni kitambaa.