Mwaka Kunde Zilipogeuka Manjano

Tuliporudi Kionga kutoka ukimbizini, shamba letu lilikuwa pori. Majani yalinipita kimo, na mgongo wa mume wangu haukumruhusu tena kushika jembe kutwa. Shemeji yangu, anayefanya biashara ng'ambo ya Ruvuma, akatuletea dawa ya kuua majani.

"Hii ni ya shamba la mahindi," alisema. "Majani yanakufa, mahindi hayadhuriki."

Ikawa hivyo. Tulivuna, na hadi leo namshukuru, maana tulirudi mikono mitupu.

Mwaka uliofuata mvua zilikuwa haba. Nikapanda kunde. Ziliota vizuri, kisha majani yakaanza kugeuka manjano kuanzia ukingoni, kama yameunguzwa. Juu kwenye mchanga zilipona chache. Chini, kwenye udongo mweusi wa bondeni, zilikufa zote. Jirani akaninong'oneza nitafute fundi wa kuagua shamba, huenda tumechezewa. Nami nilikuwa karibu kukubali.

Wifi yangu alikuja, akatazama. Kesho yake alipanda pikipiki hadi Palma, akarudi na bibi shamba, binti mdogo wa serikali ambaye vijana humwita técnica. Huyo alichota udongo wetu wa juu na wa bondeni, na mwingine wa shamba la wifi, ambalo halikuwahi kupigwa dawa. Akautia kwenye makopo.

"Panda kunde humu, umwagilie sawasawa. Nitarudi tuangalie."

Aliporudi, kunde za udongo wa wifi zilikuwa zimenawiri. Za bondeni kwetu zilikuwa zimekauka.

"Si uchawi, mama," alisema. "Ni ile dawa. Majani yakishakufa, yenyewe bado imo udongoni. Mvua huiteremsha. Mchangani hupenya upesi, kwenye udongo mzito hushika na kukaa. Wadudu wadogo wa ardhini, wasioonekana kwa macho, ndio wanaoimaliza, lakini wanataka unyevu. Mwaka huu ardhi imekauka."

"Itakaa mpaka lini?"

"Siwezi kukutajia. Rudisha mahindi, tia samadi, ungoje mvua. Kabla ya kunde, jaribu tena kwenye kopo."

Nikamuuliza kuhusu kisima chetu, kilichopo kule chini bondeni. Alisema hana kipimo cha maji, hivyo ya kunywa tuchote kwingine.

Tukachota kwa wifi, na hadi leo ndiko ninakochota. Tena alinimegea kipande cha shamba lake. Nilipositasita, akanijibu kama ananigombeza: "Lima hapo. Unataka kaka yangu ale nini?" Alijua kwamba kwa maneno matamu ningeona haya kupokea.

Tulibeba mavi ya mbuzi na makumbi ya nazi yaliyooza, tukayafukia bondeni. Mvua zikaja nzuri, mahindi yakatupa chakula. Baadaye nikajaza tena kopo udongo wa bondeni, nikapanda kunde. Nilizichungulia kila nikitoka kuswali alfajiri. Zilibaki kijani mpaka zikatoa maua.

Msimu huu zimefunika bonde lote. Juzi nilichuma majani ya kunde, nikayaunga kwa tui zito, nikampelekea wifi. Alikula, akalamba vidole, akasema chumvi imezidi kidogo. Nikacheka, nikamshukuru Mungu kwa kunipa ndugu kama huyu.